Ndani ya Waya

Mguu wangu mmoja ulikuwa ndani ya ua wa stesheni ya Voi na mwingine nje, na karani alikuwa akinifokea.

"Wewe wa ndizi! Rudi huko!"

Sisi wauzaji tulikatazwa kuvuka waya wa ua ule. Lakini treni ya Mombasa ilikuwa imeshapiga honi, na abiria walikuwa wakimvuta ajuza wa Kihindi arudi behewani. Alilia, amekumbatia sanduku lake, na hakuna aliyemwelewa.

Mimi nilimwelewa.

Kwa miaka mitatu nilimpelekea ndizi mke wa Mhindi mwenye duka mjini. Yeye alinipa neno la Kigujarati, nami nikampa la Kisagalla, lugha yetu ya mlimani. Nikipanda mlima kurudi nyumbani nilisuka kikapu, na kila mzunguko nililirudia lile neno. Mbele za watu sikuwahi kutamka hata moja.

Nikavusha mguu wa pili. Waya ukanichana muundi, sikuutazama.

"Ba, kyan javu chhe?" Mama, unakwenda wapi?

Ajuza akaacha kulia. Kisha maneno yakamtoka mfululizo, amenishika mikono.

"Mwanawe alimwambia ashuke reli inapogawanyika," nilimwambia karani. "Ni hapa. Anangoja treni ya Taveta."

Treni ya Mombasa ikaondoka bila yake. Tukaketi kwenye benchi la abiria, tukamenya ndizi.

Karani akaja taratibu, kofia mkononi.

"Mama," akaniita, "hivi nikitaka kumwomba bibi huyu radhi kwa kutomwelewa, nasemaje kwa lugha yake?"

Nikasogeza kikapu kando apate nafasi.

"Keti. Tunaanza na salamu."