Mfupa Uliolia

"Kuna mfupa umelia," alisema Lodoi, bado amelala kifudifudi kwenye majani. "Nimeusikia. Hapa hapa sikioni."

Watu walicheka. Kila mtu alikuwa ameona Sereeter akimnyanyua Lodoi juu juu, kisha wote wawili wakaporomoka kwa kishindo, Lodoi chini na Sereeter juu yake, bega mbele. Goti la Lodoi ndilo lililotangulia kugusa ardhi. Kashindwa, basi. Ainuke, apite chini ya mkono wa mshindi kama mila inavyotaka, aende zake. Lakini Lodoi ni Lodoi. Mtu aliyewahi kulilia teke la mbuzi, utamtarajia nini siku ya Naadam, sikukuu ya mieleka?

"Kunguru mwoga huyo," alisema mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi ya nyama. "Anakimbiza ubawa wake."

Sereeter alikuwa ameshasimama. Hakumtazama Lodoi hata kidogo. Alisimama wima katikati ya uwanja, mkono wa kushoto umeshika kifundo cha mkono wa kulia mbele ya tumbo, kama mzee anayesikiliza hotuba. Lilibaki pambano moja tu awe Tembo wa wilaya, cheo alichokililia tangu ujana, na mpinzani aliyebaki alikuwa mchovu ambaye hata farasi wake mwenyewe hamheshimu.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema bila kugeuza shingo. "Mwiteni mama yake aje ambebe."

Badala ya mama wakamwita Dulamsuren, muunga mifupa. Mwanamke huyu akishasema umeumia, hupigani tena siku hiyo, hata uwe mtoto wa nani. Alikuja bila haraka, akitafuna jibini kavu, akapiga magoti kwa kuguna.

"Wapi?"

"Begani, mama. La kulia, nafikiri."

"Unafikiri." Alilibonyeza bega juu ya kizibao, mbele, nyuma, pembeni. "Bega lililotoka hupoteza mviringo wake, likakaa kama kona ya sanduku. Lako mviringo kama bakuli. Una ganzi mkononi?"

"Sina."

"Gusa bega la pili kwa mkono huu."

Lodoi akagusa.

"Mwenye bega lililotoka hawezi hilo, hata umuahidi farasi. Sasa uinue juu."

Mkono wa Lodoi ulipanda hadi mawinguni. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Hata waamuzi walijificha nyuma ya kofia zao.

"Lakini mfupa ulilia, mama. Naapa."

"Ulichosikia ni uoga wako. Aliyeumia bega kweli havutwi mkono na wapumbavu. Hufungwa kwa mshipi, akapelekwa hospitali kupigwa picha. Wewe ungefungwa mdomo."

Wakati huo shangazi yake Sereeter aliingia uwanjani na bakuli la maziwa chachu ya farasi, amelishika kwa mikono miwili, uso umejaa fahari. Sereeter alilipokea kwa mkono wa kushoto.

Shangazi alimkodolea macho. "Tangu lini unapokea kwa kushoto, mwanangu?"

Sereeter alikunywa, akamrudishia bakuli kwa mkono ule ule.

"Cheo hajapata, adabu imeshamtoka," shangazi alisema alipofika kwa wenzake. Wote wakatikisa vichwa. Kiburi cha mwanamume huyo walikuwa wakikijua, ila siku hiyo kilikuwa kimezidi. Jasho lilimtiririka usoni na wala hakujisumbua kulifuta. Alimwita msimamizi wake amfute, kama mfalme.

Hatimaye Lodoi aliinuka. Alifungua kamba za kizibao chake, maana aliyeshindwa hupita kifua kimelegea, akatembea kwenda kwa mshindi huku watu wakimlilia kwa sauti ya ndama. Angeishi na sauti hiyo hadi kaburini, na watoto wake wangeirithi. Alifika upande wa kulia wa Sereeter, akainamisha kichwa, akangoja.

Uwanja ulitulia. Baada ya hapo mshindi angecheza ngoma ya tai, mabawa wazi, na wote walikuwa wameshaandaa makofi.

Dulamsuren alikuwa ameshawapa mgongo.

"Inua mkono, kaka," Lodoi alisema, "nipite."

Sereeter alitabasamu. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Kaka, inua."

Dulamsuren aligeuka. Alilitazama bega la kulia la Sereeter, lililokaa kama kona ya sanduku, akaanza kufungua mshipi wa joho lake mwenyewe.