Picha Moja Iliyobaki

Bibi Mishi hakupenda simu imkodolee macho, na kesho alikuwa anahamia kwa mwanawe, mbali. Mjukuu wake Rukia akaleta kamera ya zamani ya filamu. Bibi akaikubali. Rukia akapiga picha nyingi.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, "hicho kifuniko hakitolewi?"

Rukia akashtuka. Kamera ile huchunguliwa kwenye kidirisha cha pembeni, kwa hiyo alimwona bibi vizuri huku lenzi imefunikwa. Akakitoa kifuniko. Filamu ilibakiza picha moja tu.

"Ahsante, bibi. Ungenyamaza ningekukosa."

"Nilidhani ndiyo mitindo yenu."

Bibi akacheka mwenyewe. Kidirishani sura zake zilikuwa mbili, kama kamera ile ionyeshavyo kabla lenzi haijalengwa sawasawa. Rukia akazungusha lenzi taratibu, zikasogeleana ziwe moja, kidole kikisubiri kwenye kitufe.