Maandishi ya Mahabusu

Mkaguzi alishuka kwenye gari la Suti, na hapo hapo Mlinzi akajua wameuzwa.

Suti ndiye anayetaka kuibomoa kambi ajenge hoteli. Kambi yenyewe ni ya askari wa zamani, ya mawe, iko pembeni kabisa ya bahari, chumvi imeshakula milango yote ya chuma. Mlinzi ana mwaka wa kumi na moja pale. Yeye na mama yake wanakaa vyumba viwili vya nyuma, vilivyokuwa stoo ya risasi. Mama alidondoka kwenye stuli mwaka jana akavunjika nyonga, na mpaka leo hajasema alikuwa anafuata nini huko juu.

Leo mkaguzi ataandika kama kambi ina thamani ya kuhifadhiwa. Akiandika haina, matingatinga yanaingia, na Mama atabebwa na kitanda chake kupelekwa sijui wapi.

"Gari la ofisi limekufa njiani," mkaguzi alisema, kama vile kuna mtu kamuuliza. "Huyu bwana kanipa lifti."

"Ana roho nzuri sana," Mlinzi alisema.

Suti alicheka peke yake, akabaki garini na simu yake.

Mlinzi alifungua daftari la wageni, akamwandikia mwenyewe: Mkaguzi wa majengo. Mkaguzi, mama wa watu, akainama, miwani imemshuka puani, akaukodolea mwandiko kama anasoma hati ya kiwanja.

"Hiyo g yako ina mkia mrefu. Nani alikufundisha kuandika?"

"Mama. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Na mimi niliishia la saba, kama ndicho unachotafuta."

"Sijauliza hivyo, mdogo wangu."

Wakaanza kuzunguka. Alipima unene wa kuta. Alichungulia tangi la maji chini ya uwanja. Alipiga magoti kwenye reli walizokuwa wakisukumia mizinga. Aliandika haraka haraka, kama mtu anayenakili kazi ya mwenzake. Mlinzi alimfuata nyuma hatua kwa hatua. Hata mwizi hajawahi kumfuata hivyo.

Walipopita nyuma, sauti ikatoka dirishani.

"Mwanangu, ameshaingia mahabusu?"

"Bado, Mama. Lala."

"Nimelala. Masikio ndiyo yako macho. Akiingia asiguse ukuta."

Mkaguzi alisimama. Akalitazama lile dirisha muda mrefu.

"Anaumwa?"

"Amepumzika," Mlinzi alisema. Habari za nyonga hakuona sababu ya kumpa mtu wa gari la Suti.

Mahabusu ni chumba kidogo chenye dirisha moja la nondo, juu kabisa. Pembeni ya dirisha kuna maneno yaliyochimbwa kwenye chokaa kwa kitu cha ncha: Ningojeni, nitarudi. Mlinzi ndiye aliyeyaona kwanza, wiki mbili baada ya Suti kubandika tangazo lake getini. Mama, tayari yuko kitandani, ndiye aliyemtuma akatoe tandabui. Basi watu wa gazeti wakaja, wanafunzi wakaja, wengine wakalia. Askari gani huyo, kafungwa kwa kosa gani, alirudi au hakurudi, hakuna anayejua. Ila kabla ya maneno yale hakuna aliyejali kambi ikibomolewa. Baada yake, kila mtu akajali.

Mlinzi alileta stuli ya Mama. Mkaguzi akapanda, akawasha tochi, akapitisha kidole herufi moja moja. Kwenye g alizunguka mara mbili. Baada ya herufi ya mwisho kulikuwa na mkwaruzo mrefu ulioshuka ukutani karibu nusu mita.

"Hapa aliteleza," mkaguzi alisema.

"Walikuja kumchukua kabla hajamaliza. Walimvuta miguu." Ndivyo Mlinzi anavyowaambia wageni wote, na hapo ndipo huwa wanalia.

Huyu hakulia. Aliziba mdomo kwa leso, mabega yakamtikisika. Mlinzi akaona kabisa kwamba anacheka.

Alishuka, akaweka fomu kwenye stuli. Mlinzi akachungulia begani kwake. Palipoandikwa "Maandishi ya kale", kalamu ikapiga mstari mmoja mfupi, ikaendelea.

"Mama, hapo umeruka."

"Sijaruka."

"Suti kakuahidi nini?"

Mkaguzi alisaini, akagonga muhuri, akachana nakala na kumpa. Mlinzi aliisoma kwa kidole. Kuta. Tangi la maji. Reli za mizinga. Chini kabisa: Jengo lihifadhiwe, lisibomolewe.

Akairudia. Bado ilikuwa inasema vile vile.

"Hizo kuta peke yake zinatosha," mkaguzi alisema. "Zilikuwa zinatosha siku zote, tatizo hakuna aliyekuja kuzipima."

Huko nje Suti alipiga honi, akapiga tena.

"Sasa yale maandishi yana kosa gani?" Mlinzi aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

Mkaguzi alikunja miwani, akaitia mkobani taratibu.

"Msalimie Mwalimu. Mwambie g yake bado ina mkia wa paka. Mimi ilinitoa machozi darasani mpaka nikaiweza."

Alifika mlangoni, akageuka, akalitazama tena lile dirisha la juu na mkwaruzo wake.

"Na umpe pole ya kuanguka."