Jalada Namba Kumi na Saba

Wakili alikiinua kikadi juu kama refa anayemtoa mchezaji uwanjani.

Kilikuwa kikadi cha bluu, kimeandikwa namba kumi na saba na tarehe tatu za miadi. Jina hakuna. Mteja wake, fundi friji, alikiokota nyuma ya vikombe siku aliyosindikizwa na polisi kwenda kuchukua nguo zake nyumbani. Hakuhitaji miwani kuelewa: mkewe alikuwa akienda kumsema kwa mshauri wa watu wanaopigwa majumbani.

Sasa fundi alisimama kizimbani kwa kosa la kumpiga huyo mkewe, na mkewe hakuwa na shahidi hata nzi. Kesi ikianguka leo, amri ya kumzuia asikanyage nyumbani inaanguka nayo, na jioni fundi analala kitandani kwake. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Benchi la mbele alikaa mama yake mzazi, chupa ya chai mapajani, mkono wa kushoto ndani ya bendeji. Waliishi nyumba moja wote watatu. Asubuhi aliulizwa kama aliwahi kumwona mwanawe akimpiga mkewe, akajibu hakuona. Kuhusu mkono, aliteleza bafuni, mara ya pili mwaka huo. Mwanawe alishawatangazia watu wa benchi zima kwamba wazee na sabuni hawapatani.

Mshauri aliitwa mbele. Alikuja na jalada alilolikumbatia kama abiria aliyeonywa habari za vibaka. Mtaani walimbandika jina la Kufuli. Ukimuuliza saa ngapi, atataka kwanza kujua unaitakia nini.

"Jalada hilo ni la mke wa mshtakiwa, siyo?" wakili aliuliza.

"Ni la namba kumi na saba."

"Namba kumi na saba ni mwanamke?"

"Ni namba kumi na saba."

Watu wakacheka. Hakimu akavua miwani kuifuta, apate pa kufichia mdomo wake.

Wakili alitaka Kufuli awekwe ndani kwa kuidharau mahakama. Kufuli akajibu kwamba mswaki anao mkobani. Hapo hakimu akafungua kitabu cha sheria na kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya dawa: maneno ya aliyeumizwa kwa mshauri wake ni mali ya aliyeyasema. Mshauri haruhusiwi kuyatoa, wala mahakama hairuhusiwi kumkamua. Mwenye ufunguo ni mwenye siri peke yake.

Wakili hakununa. Hapo ndipo alipokuwa akipasubiri. Mwanamke akikubali, atachambua kila mstari mpaka apate miwili inayogombana. Akikataa, basi ana jambo analolificha. Huku bao, huku bao.

Akamgeukia mke wa fundi kwa adabu zote za muuza duka.

"Mama, unaruhusu lifunguliwe?"

Yule mke alikitazama kikadi. Akatupa jicho benchi la mbele, halafu akainamisha uso.

"Siwezi, mheshimiwa."

"Hawezi," wakili alirudia, akifunga kifungo cha koti kama mtu aliyekwisha shiba.

Fundi alicheka kwa sauti. Alimgeukia mama yake wacheke pamoja, kama walivyozoea, yaani yeye acheke na mama yake atikise kichwa. Kufuli aliendelea kulikumbatia jalada, macho yake ukutani, kwenye saa ambayo hata mtu akimuuliza asingeisoma.

Chupa ya chai ikaanguka sakafuni. Yule bibi, mama wa fundi, alikuwa amesimama.

Karani alimwambia akae. Hakukaa. Aliomba radhi kwa chai, akaomba radhi kwa sakafu, kisha akamkabili hakimu.

"Mheshimiwa, huo ufunguo uliousema, hata mtu wa umri wangu anaruhusiwa kuwa nao?"

Hakimu alimwambia kwamba sheria haiulizi umri.

"Basi wafungue hiyo kumi na saba," alisema bibi. "Waanzie bafuni."