Niandike Vibaya, Mama

"Niandike vibaya, mama," Ndolo alisihi. "Andika nilishindwa."

Zuleha, mwenye kibanda cha chakula mjini Machakos, aliiweka kalamu mezani. Alikuwa amehudumia wateja wa kila aina, lakini wa kuomba kutukanwa kwa maandishi hakuwahi kumwona.

Haja ya Ndolo ilikuwa ya kweli. Tangu jiwe la machimbo ya Lukenya limuumize mgongo, alitembea kwa magongo, na posho ya walemavu ndiyo iliyoleta unga na dawa nyumbani. Sasa ilikuwa imesimamishwa. Jirani mmoja alimwona Athi River amevaa sare ya ulinzi, na habari ikafika ofisini kabla sare yenyewe haijafuliwa.

Munyiva, karani wa posho, hakumkaripia. Alimweleza kwamba kujaribu si kosa. Kazi iliyokatika kabla ya miezi mitatu kwa sababu ya ulemavu haihesabiwi, mradi kila mwajiri aandike barua ya kuthibitisha.

Majaribio yalikuwa matatu. Athi River alilinda lango siku tisa. Mgongo ulimlaza chini kila adhuhuri, wageni wakawa wanajifungulia wenyewe. Kwa Zuleha alimenya viazi siku sita. Mgongo ukimchoma, kisu kiliruka, na kiazi kilichoingia kama ngumi kikatoka kama karanga. Kwa Kimeu, mwenye kinu cha unga kule Ekalakala, alidumu siku nne, na mbili kati ya hizo stima ilikuwa imepotea.

Ila hakuna aliyetaka kuyaandika hayo.

"Baba mzima, uko na watoto shuleni, mimi niandike eti ulishindwa na viazi?" Zuleha alimuuliza. "Hiyo dhambi sibebi."

Kimeu naye alisema kufutwa ni neno la walevi, haliandikwi juu ya mzee wa kanisa. Bosi wa Athi River alianza barua mara mbili, akazichana zote.

Mwishowe wakapatana: wataandika ukweli, lakini kwa adabu. Zuleha aliandika kwamba Ndolo alihudumu siku sita, kisha maumivu yakamzidi, akapumzika. Kimeu aliandika kwamba alivumilia siku nne bila kunung'unika, halafu akawaacha, na pale kinuni bado wanamkumbuka. Yule wa Athi River aliandika kwamba lango halijapata mwingine kama yeye, akapiga mihuri miwili.

Ndolo alimsomea mkewe Wavinya barua zote, sauti ikipanda. "Sikujua watu walinipenda hivi."

"Na mimi sikujua kuna mahali huwa hunung'uniki," Wavinya akamjibu.

Barua zikapelekwa. Wiki tano baadaye ofisi ikampigia simu Wavinya, afike na kitambulisho chake. Ndolo akafuatana naye. Siku ya kuamuliwa kesi yake hangekaa nyumbani.

Munyiva alikuwa amehamishwa. Karani mpya, Henry, aliinuka walipoingia, akamvutia Wavinya kiti kwa mikono miwili. Alizungumza polepole, akimtazama yeye tu. Alisema kamati imezisoma barua na imeridhika. Kazi zile fupi hazikumwondolea Ndolo haki yake hata kidogo. Malimbikizo yote yatalipwa, tena yataingia moja kwa moja kwa jina la Wavinya.

Ndolo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashusha pumzi ya wiki tano. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Henry akamwendea taratibu, akamshika bega.

"Jikaze, mzee," alisema. "Marehemu alikuwa nani wako?"