Kuku Aliyesomea Tina

“We kuku, ukiwasha kiko hicho humu ndani, tutaiva wote!”

Kuku hakuwa na kiko. Mwenye kiko alikuwa mzee Ambilikile, aliyeketi kwenye kigoda mlangoni mwa karakana, kiberiti mkononi. Esnath alikuwa amemgeuzia mgongo, macho ukutani, maana yeye ni mke wa Lugano, na Lugano ni mtoto wa mzee huyo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani.

Pale Msasani, mtaa wa Tukuyu, vijana wengi wameshaiacha mila hiyo. Lakini siku ya harusi mzee alisimama mbele ya ukoo, akiwa ameshiba vizuri, akatangaza kwamba kwake yeye mila haitaguswa. Watu wakapiga makofi. Basi ikawa hivyo, na mtu wa kuifuta kauli ile hakupatikana.

Kwa hiyo Esnath aliongea na kuku.

Kazi yake ilikuwa kupaka vanishi vitanda na makabati, na humo ndani kulikuwa na madumu ya tina, ile ya kulainishia vanishi na kuoshea brashi. Aliifahamu tina. Fundi Hafidhi, aliyemfundisha kazi, aliwahi kufunga mlango kuzuia manyunyu ya Tukuyu huku jiko la chai likiwaka barazani. Mvuke ukapita chini ya mlango, ukalifuata jiko, ukarudi na moto. Hafidhi alitoka hai, bila nyusi na bila karakana.

“Mvuke wake ni mzito, kuku,” Esnath alieleza. “Haupandi juu kama moshi. Unatambaa sakafuni na huuoni. Moto ukiwa kule, huku unafika.”

“Gwe kuku,” mzee alijibu, naye akitazama barabarani, “muulize huyo, kama ni hatali hivyo, si azime kwa maji?”

“Mwambie maji hayafai. Tina inaelea juu ya maji, inawaka huku inatembea. Ni mchanga tu. Ndiyo maana kuna ndoo hapo mlangoni.”

“Ndaga,” mzee alimshukuru kuku, akafunga mfuko wake wa tumbaku, akaenda zake.

Ikawa desturi. Kila asubuhi mzee alikuja na kiko, akachovya vidole mfukoni akidondoshadondosha kama wazee wafanyavyo, kuku akiparua miguuni pake. Na kila asubuhi Esnath alimuwahi kabla hajagusa njiti. Kuku mwenyewe alikuwa wa jirani, Saada muuza vitumbua, na mtaa mzima ulishambatiza Katibu. Katibu alifundishwa kufunga kopo baada ya kazi, kufungua madirisha hata kukiwa na baridi, na kutoiweka tina kwenye chupa ya soda asije mtu akainywa. Rungwe nzima hapakuwa na kuku msomi kama yule.

Mtaa ulicheka. Esnath hakucheka, alikuwa amechoka kuogopa. Karakana ile ndiyo iliyowalisha.

“Mwambie baba asije kuvutia huku,” alimlalamikia mumewe kwa simu. Lugano alikuwa Mbeya, anauza mbao.

“Kwani bado anavuta?” Lugano alishangaa, kisha mtandao ukakatika.

Siku moja somo lilikuwa matambara yaliyolowa tina na jinsi ya kuyatupa. Kabla Esnath hajafika mbali, mvua kubwa ikawatawanya, kuku kwake na mzee kwake.

Kesho yake ndiyo ilikuwa ya kumkabidhi mteja wake Najat kitanda chake cha harusi. Esnath alikizunguka kwa furaha, akirudi kinyumenyume akitazama kinavyong’aa, kisigino kikagonga dumu. Tina ikamwagika, ikakimbilia mlangoni. Na mlangoni palepale mzee Ambilikile alikuwa anaketi, kiko mdomoni.

“We ku...” Esnath alianza, akakwama.

Kuku hakuwepo. Bwana mifugo alikuwa anapita kuchanja kideri, na Saada alikuwa amewafungia kuku wake wote kwenye tenga.

Mzee naye alitazama chini huku na huku, kama aliyepotelewa na kitu. Akasubiri. Akachungulia nyuma ya kigoda. Halafu, taratibu sana, akakiinua kiberiti.

Esnath angeweza kusema na ukuta, au hata na kitanda cha Najat, lakini hayo yalimjia baadaye. Wakati ule mikono ndiyo iliyowahi. Alinyakua ndoo, akammwagia baba mkwe wake mchanga wote, kuanzia kofia.

Esnath alishauona ukoo mzima ukikaa kikao juu yake.

Kiberiti kilikuwa kimeanguka karibu na mguu wake, kimefunguka. Hakikuwa na njiti hata moja. Kiko kilikuwa kimeviringika hadi nje, kisafi kama kijiko. Mfuko wa tumbaku nao ulikuwa umepasuka, na punje za mahindi zimetawanyika barazani kote.

Kule kwa Saada tenga likafunguliwa. Katibu akaja mbio, shingo mbele, akaanza kudonoa.

Mzee alipangusa mchanga kwenye nyusi, akageukia barabarani, akakohoa kidogo.

“Gwe kuku,” alisema, “leo umechelewa. Haya, mwambie mwalimu aendelee. Jana tuliishia kwenye matambala.”