Maji ya Tumbawe

Mwanasiti alifunua pipa, akakuta maji ya chumvi aliyochanganya kwa ajili ya tangi la matumbawe yamekuwa meupe kama tui. Alikosea: alitanguliza chumvi, kisha akaimiminia maji.

"Shemeji, yatie hivyo hivyo," alisema Nassibu, mdogo wa marehemu mumewe. "Tumbawe lenyewe limebaki moja. Maji ni maji."

"Si haya."

Akayamwaga yote, kazi ya siku tatu ya kuchuja tone kwa tone. Akasugua pipa, akakinga upya. Siku ya nne akatia chumvi ndani ya maji, kidogo kidogo, akikoroga kwa mwiko mpya usiowahi kugusa mchuzi, mpaka akakiona kitako cha pipa.

Sebuleni, nyuma ya kioo cha tangi, tumbawe la marehemu lilikuwa limejikunja kama ngumi. Akamimina bakuli la kwanza, taratibu. Ngumi ikaachia kidole kimoja.